MREFU NAYE AFUNDISHWE KUCHEZA (Mwili na Michezo, sehemu ya 7)

Tunaendelea na mfululizo wetu. Kwenye sehemu ya sita tuliongelea magoti ya vijana wanaorefuka haraka, na huko kwenye maoni kukazuka ubishi ambao hata haukuwa wa magoti. Kaka mmoja, mwalimu wa michezo, aliuliza hivi: nina kijana wa miaka 17, ana mita 1.96, je, nimpotezee muda kumfundisha kucheza chini ya ringi na mgongo wakati dunia nzima siku hizi inarusha pointi tatu? Wengi wakamjibu asihangaike. Amwambie tu asimame chini ya ringi na mikono juu, urefu utafanya kazi.

Mimi nakataa, na leo nataka nieleze kwa nini. Andiko ni refu, kwa hiyo kama una chai hapo, kaa vizuri.

Kwa wasiofuatilia kikapu, nieleze kidogo. Senta ni yule mkubwa wa timu anayecheza karibu na ringi. Kucheza chini ya ringi, wenyewe wanaita posti, ni hivi: senta anasimama ubavuni mwa lile eneo la sekunde tatu, mgongo kaupa ringi, mlinzi yuko nyuma yake anamsukuma. Anapokea pasi, anasikilizia mwili wa mlinzi umeegemea wapi, halafu anageukia upande mwingine na kufunga akiwa karibu. Ukiangalia kwa mbali unaona watu wawili wanasukumana tu. Kumbe pale kuna hesabu ya miguu, nyonga na mabega, na hesabu hiyo hakuna anayezaliwa nayo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda: ndiyo, senta anahitaji kufundishwa mchezo huo. Simaanishi kila senta lazima awe mfungaji mkuu wa timu. Ninachosema ni kwamba asipoufundishwa atabaki anategemea urefu peke yake, na urefu ndicho kitu cha kwanza kukuishia unapopanda ngazi.

Fikiria. Kwenye mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya, Bahi au Chemba, kijana wa mita 1.96 hana mpinzani. Anaokota mipira kama anachuma maembe ya chini. Akifika mkoa anakutana na mmoja wa kimo chake. Akifika taifa wako kadhaa. Akivuka mipaka, kila timu ina watu wa kimo chake, tena wengine wana kilo 20 zaidi. Kwa hiyo kila ngazi inampunguzia ile silaha yake moja. Kama hatukumpa ya pili, siku hiyo anasimama uwanjani mikono mitupu.

Sasa tuje kwa mtu wetu. Hapa najua nagusa pabaya, maana Hasheem Thabeet tunampenda, na mimi ni mmoja wa wanaompenda. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na hiyo heshima hakuna wa kumpokonya. Mita 2.21. Alisoma Makongo pale Dar, kikapu alikianza akiwa na umri kama miaka 15, akaenda Marekani kumalizia sekondari, halafu Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho chuoni, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Timu ikafika nusu fainali ya vyuo vyote vya Marekani. Juni 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti nzima, nyuma ya Blake Griffin tu. Nyuma yake walikuwepo James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba.

Lakini dalili ilishaonekana mapema, kama ulikuwa unaangalia. Februari 2009 Connecticut wakiwa wanashika namba moja kwenye orodha ya vyuo, walicheza na Pittsburgh. Senta wa Pittsburgh aliitwa DeJuan Blair, ana mita 2.01 hivi, yaani Hasheem anamzidi kichwa kizima. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5 na ribaundi 4. Mle ndani kuna tukio ambalo wengi wanalikumbuka: mikono yao ilinasana, Blair akamgeuza juu ya bega na kumtupa chini kama gunia la mahindi.

Na sasa sikiliza hii, kwa wale wenzangu wa wodini. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba huyo Blair magoti yake yote mawili hayakuwa na ile kano ya mbele ya ndani inayolishika goti lisiteleze. Ziliharibika akiwa bado kijana wa sekondari. Mtu hana kano mbili za magoti, ni mfupi kwa sentimita 20, na bado anamsogeza mtu wa mita 2.21. Alifanyaje? Alikaa chini. Nyonga zake zilikuwa chini ya nyonga za Hasheem kila wakati, miguu imetanuka, kiwiliwili kimetulia. Mwili wa binadamu ndivyo ulivyo: anayekaa chini zaidi ndiye anayesogeza. Muulize mtu yeyote aliyewahi kumwinua mgonjwa mzito kitandani. Ukikunja mgongo unaumia. Ukikunja magoti na kushusha nyonga, mgonjwa anainuka.

Hasheem alipofika NBA, timu iliyomchukua ilikuwa Memphis Grizzlies. Wastani wake kwa mechi zake 224 za NBA ni pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Mwaka wake wa kwanza tu, Februari 2010, alishushwa kwenda timu ya Dakota kwenye ligi ya maendeleo, na hadi wakati ule hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Kufikia 2014 safari ya NBA ilikuwa imekwisha. Baadaye akacheza Japani na Taiwani.

Watu wanasema aliwekwa benchi kwa sababu ya ubaguzi, wengine wanasema bahati mbaya. Mimi nasema angalieni ni nani waliokuwa wanacheza dakika zile. Walikuwa Marc Gasol na Zach Randolph. Randolph alikuwa haruki. Kweli kabisa, lile jamaa lilikuwa maarufu kwa kutoruka. Lakini likipokea mpira chini ya ringi lilijua kutumia bega, lilijua kutumia nyonga, na lilifunga kwa mkono wa kushoto huku mlinzi analiangalia. Gasol naye alikuwa anapokea mpira palepale na kutoa pasi zilizofungulia wenzake. Februari 2011 Memphis wakamuuza Hasheem kwenda Houston ili wampate Shane Battier. Miezi miwili baadaye Memphis hao, wakiwa wameshika nafasi ya nane, wakawatoa San Antonio walioshika nafasi ya kwanza. Mechi ya kumaliza kazi, Randolph alifunga pointi 31. Nyingi kwa mchezo uleule ambao mnasema umepitwa na wakati.

Sasa najua mtakuja na hoja. Mtasema: Rudy Gobert je? Yule Mfaransa hana mchezo wa posti wa kusimulia, na amechukua tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne. Na Bismack Biyombo je, ndugu yetu wa Lubumbashi, mji wa Kiswahili kabisa? Alichaguliwa wa saba mwaka 2011, kufunga siyo sifa yake, lakini amedumu NBA zaidi ya miaka kumi. Mei 2016 akiwa Toronto alidaka ribaundi 26 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Cleveland ya LeBron James.

Hoja nzuri. Ila iangalieni vizuri, mtaona inanisaidia mimi.

Mchezo wa chini ya ringi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kushika nafasi: kukaa chini, kumweka mlinzi mgongoni, kupokea mpira kwa mikono miwili bila kuudondosha, kujua mguu upi unabaki na upi unazunguka. Nusu ya pili ni kufunga: kugeuka, kudanganya bega, kutupia kwa mkono mmoja juu ya kichwa. Biyombo hana nusu ya pili. Ile ya kwanza anayo yote. Mita 2.03 hivi, mfupi kwa Hasheem kwa zaidi ya sentimita 15, lakini ukimsukuma ni kama unasukuma mbuyu. Ribaundi 26 hazipatikani kwa kuruka tu, zinapatikana kwa kuwahi nafasi na kuikalia. Gobert naye hakuokotwa barabarani. Alilelewa na klabu ya Cholet tangu akiwa kijana mdogo. Huko ndiko unapojifunza kumwekea mwenzako ukuta, kugeuka na kukimbilia ringi, miaka kwa miaka kabla hajaonwa na mtu yeyote wa Marekani.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ni lazima kwa kila senta duniani. Hapo sibishani na mtu. Nusu ya pili ndiyo yenye mjadala. Kwa NBA ya leo inaweza kuwa ya ziada. Kwa Dodoma, mimi nasema nayo ni lazima, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni sheria. NBA tangu msimu wa 2001/02 mlinzi haruhusiwi kukaa kwenye eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Ndiyo maana kule njia inafunguka, senta anakimbia tu na kurukia pasi ya juu. Sisi tunacheza sheria za FIBA, na FIBA haina katazo hilo kwa mlinzi. Mlinzi anaweza kupiga kambi pale chini mpaka filimbi ya mwisho. Senta wetu asiyejua kusukumana na kugeuka atapokea mpira katikati ya watu watatu na kunyang'anywa.

Ya pili ni pasi. Ule mchezo wa kurushiwa mpira juu ya ringi unahitaji mchezaji wa mbele mwenye jicho na mkono wa kupima. Timu ngapi za shule hapa kwetu zinaye? Lakini pasi ya kawaida ya kudundisha mara moja kwenda kwa mtu aliyejikita, hiyo hata wa kidato cha pili anaiweza. Tumjenge senta apokee mpira ambao wenzake wanaweza kuutoa.

Ya tatu ni upepo. Mnacheka, lakini wa Dodoma mnanielewa. Viwanja vyetu vingi viko wazi. Nenda Chinangali jioni ya Julai au Agosti, vumbi linatembea, mpira wa pointi tatu unatoka mkononi kwa mtu umenyooka na unafika kwenye ringi umepinda. Yule anayerusha kutoka mita 6.75 anashindana na walinzi na hali ya hewa. Anayefunga akiwa hatua moja kutoka kwenye ringi anashindana na mlinzi mmoja. Mnataka tumtoe kijana wa mita 1.96 pale ambapo upepo haumgusi, tumpeleke nje akarushe kama Curry? Curry anacheza ndani ya ukumbi, jamani.

Kuna wanaosema vijana wetu wanaanza wamechelewa, kwa hiyo ufundi huo hawauwezi tena. Hapana. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Kabla ya hapo alikuwa mlinda mlango wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Akaja kuwa mtu mwenye miguu mizuri kuliko senta yeyote, akachukua ubingwa na Houston mwaka 1994 na 1995. Joel Embiid wa Kameruni naye alianza akiwa na umri kama huo, akitokea mpira wa wavu na soka. Akapewa video za Olajuwon, akaziangalia tena na tena, na msimu wa 2022/23 akawa mchezaji bora wa NBA. Hawa wawili walichelewa kama wetu wanavyochelewa. Walichopata ni mtu wa kuwafundisha baada ya kuanza, na miguu iliyokuwa imezoea kugeuka. Kwa hiyo mwalimu, ukimwona mtoto wa darasa la sita amerefuka, usimkataze kucheza soka na wavu. Hiyo miguu utaihitaji.

Sasa niongee kama muuguzi kidogo, maana mnanifahamu, sitamaliza bila hilo.

Kijana akirefuka haraka, mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma. Kwa kipindi fulani anakuwa kama kifaranga cha mbuni: viungo virefu, hajui vinaishia wapi. Anajikwaa, anachekwa. Chini kidogo ya kilegesambwa panauma na kuvimba, tuliliongelea. Kijana huyu ukimwambia kazi yako ni kuruka tu, unampa zoezi lilelile linalomuumiza. Lakini ukimfundisha kukaa chini, kushusha nyonga, kugeukia mguu mmoja, kutua kwa miguu miwili magoti yamekunjika, unamfundisha posti na unayalinda magoti yake kwa wakati mmoja.

Na haihitaji vifaa. Anzeni hivi. Dakika kumi kila siku, vijana wawili mgongo kwa kifua, bila mpira, wanasukumana taratibu, asiyenyooka magoti ndiye mshindi. Dakika kumi za kupokea pasi, mikono miwili, kidevu juu ya mpira, hakuna kuushusha chini ya kifua, maana mrefu akiushusha mpira wafupi wanaukuta. Dakika kumi za hatua moja: pokea, sikilizia mlinzi yuko bega gani, mguu wa upande wa pili unazunguka kuelekea kwenye ringi, funga. Kulia, kisha kushoto. Hatua moja tu kwa mwezi mzima. Akiijua hiyo kwa pande zote mbili, tayari ana kitu ambacho wengi wa kimo chake hawana. Akisema goti linauma siku hiyo, punguza, usimwambie avumilie.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu naona tunachowafanyia hawa watoto. Mtoto akiwa mrefu kila mtu anamwita NBA. Mjomba anamwambia wewe utatutoa. Timu inamtafuta msimu wa mashindano, ikiisha anasahauliwa. Hakuna anayemfundisha kwa sababu kila mtu anadhani tayari anajua, kisa kimo. Wafupi ndio wanaofundishwa, maana wafupi tunaona wana upungufu. Halafu akifika miaka 20 au 21, akaenda kwenye majaribio ya timu kubwa, akasukumwa mara mbili na kuanguka, tunamwambia hana moyo. Hana moyo vipi wakati hakuna aliyewahi kumwonyesha miguu iwekwe wapi?

Kila nikiangalia hesabu za Hasheem nawaza hilo. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 na kuchaguliwa wa pili duniani akiwa na 22 hakuwa mvivu wala mjinga. Bloku zake hakuna aliyempa. Lakini kila mahali alipopita, kile alichokuwa nacho kilitosha kwa ngazi ile, na alipofika ngazi ambayo hakikutosha, muda wa kujifunza ulishakwisha. NBA hawamfundishi mtu anayelipwa mamilioni ya dola, wanatafuta mwingine. Shule ndiyo inafundisha. Uwanja wa mtaani ndio unafundisha.

Kwa hiyo mwalimu uliyeuliza, jibu langu ni hili: mfundishe. Nusu ya kwanza mpe yote, hata kama inachukua mwaka. Nusu ya pili mpe hatua moja kulia na moja kushoto. Akishazijua, na akitaka kurusha za mbali, mruhusu, nani anakataa? Ila asiende nje kwa sababu ameshindwa kukaa ndani.

Makocha wa Dodoma, Singida na Manyoni, nyie mnaofundisha vijana warefu, andikeni hapo chini mnafanya mazoezi gani na kwa dakika ngapi. Wazazi nanyi semeni, kijana wako mrefu amewahi kufundishwa nini zaidi ya kuambiwa "inua mikono"? Na kama unapinga, karibu, ila njoo na mfano.

Sehemu ya 8 ni vifundo vya mguu: kwa nini kijana akiteguka hatakiwi kurudi uwanjani kesho yake hata kama ni fainali. Usiku mwema, na walioko zamu wenzangu, poleni na kazi.